Asilimia Mia na Sabini na Tatu

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sikufukuzwa shule. Nilipewa mapumziko ya lazima ya wiki mbili, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa, ingawa mama yangu aliposoma barua hakuiona.

Kosa lenyewe lilikuwa la kitaaluma. Nilibandika tangazo kwenye mlango wa bwalo, lenye mhuri niliouchonga kwa kiazi, likisema kwamba kuanzia Jumatatu kazi za jioni zingepunguzwa kwa asilimia 0.5. Bweni zima likasoma "nusu." Watu walikumbatiana. Walimu wawili walifuta nusu ya maswali yao ubaoni, mmoja wao akiwa mwalimu wa hesabu, ambaye nitamstiri kwa kuwa ana familia. Mwalimu wa nidhamu aliponiita, nilimweleza kwa adabu zote kwamba nusu ni asilimia hamsini. Hiyo ndiyo 0.5 ikisimama peke yake. Ukiiwekea alama ya asilimia nyuma yake inakuwa nusu ya sehemu moja katika mia, kwa hiyo katika maswali arobaini mwanafunzi angesamehewa sehemu ya tano ya swali moja, labda kule kupigia jibu mstari. Tangazo langu lilikuwa kweli tupu. Waliokosea ni wasomaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua droo akatoa karatasi ya barua.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alimpigia simu shangazi, dada yake baba, akamwambia kuna mtu ana mikono miwili isiyo na kazi. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa shangazi nikiwa na begi langu la shule na sura ya mtu aliyeonewa.

Shangazi alikuwa na kiwanda cha mikate alichoachiwa na marehemu mumewe: chumba kimoja kirefu chenye mashine ya kukandia, meza ya bati, tanuri la gesi la milango mitatu, na stoo ya unga yenye kufuli mbili. Moja ilikuwa ya wezi wa nje. Ya pili ilikuwa ya wezi wa ndani, ambao hakuwahi kuwaona ila aliwaamini kama watu wanavyoamini majini. Hakuwahi kukanda donge hata siku moja. Alichojua ni kuhesabu mifuko, na kila alipohesabu alihisi mmoja umepungua.

Mkuu wa kazi pale ndani alikuwa mzee mwembamba ambaye wote walimwita Fundi, na mimi kabla ya saa nne nilikuwa nimeshampa jina la Chachu, kwa sababu kila alichokigusa kwa maneno kilichacha. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Alinitazama viatu, akanitazama kucha, akamuuliza shangazi kama shuleni kwetu tumeisha sote au nimeletwa mimi kama sampuli. Kisha akanipa kikwarulio na trei sitini zenye masizi ya tangu enzi za marehemu.

Nilikwarua. Nikiwa ninakwarua niliinua macho, na hapo ndipo nilipouona ubao. Ulitundikwa juu ya mashine, umeandikwa kwa chaki kwa herufi za mtu aliyejifunzia kuandika kwenye magunia:

ASILIMIA. Unga 100. Maji 60. Sukari 6. Mafuta 4. Chumvi 1.8. Hamira 1.2.

Nilijumlisha mara tatu, kwa sababu furaha yangu ilikuwa kubwa mno kuaminika. Mia na sabini na tatu. Mtu mzima, mkuu wa kazi, miaka kumi na tisa kazini, anaamini kitu kinaweza kuwa na sehemu mia na sabini na tatu katika mia. Nilimwendea kwa heshima, mikono nyuma, nikamuuliza kama anajua asilimia maana yake nini.

Alinieleza kwa ufupi kwamba unga ni mia, siku zote unga ni mia, na kwamba nikitaka kufundisha nirudi kule nilikotimuliwa. Dada wawili wa kupakia mikate walicheka mpaka mifuko ikawaponyoka. Kuanzia saa hiyo nikawa Profesa. Profesa, leta ndoo. Profesa, kuna panya amekufa nyuma ya tanuri, katafute asilimia yake. Siku ya pili alinifanya niihesabu chumvi punje kwa punje mpaka kijiko kijae, akisema ni mazoezi ya desimali. Siku ya tatu aliniweka karibu na mlango wa tanuri nikaungua nyusi moja. Sikulia. Nilikuwa nikikusanya ushahidi.

Siku ya nne asubuhi nilikwenda mezani kwa shangazi. Naapa nilitaka Chachu agombezwe tu. Nilitaka aitwe mbele za watu, aulizwe swali la darasa la sita, ashindwe, na wale mabinti wa kupakia wacheke upande wa pili. Nilimweleza shangazi kwa utulivu kwamba ukikata mkate vipande mia, huwezi kula vipande mia na sabini na tatu, hata uwe na njaa ya namna gani. Asilimia zote za kitu kimoja zikijumlishwa lazima zirudi mia. Za Fundi zinafika mia na sabini na tatu. Nilimwandikia kwa kalamu yake mwenyewe, nikapiga mistari miwili chini ya jibu.

Shangazi aliitazama ile karatasi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya jini lake.

"Kwa hiyo hizo sabini na tatu," akasema polepole, "zinakwenda wapi?"

Hapo palikuwa pa kunyamaza. Mwenzenu nikasema kwamba hilo ni swali la kumuuliza Fundi.

Siku hiyo haikuwa siku ya kawaida. Hospitali ya jirani ilikuwa imeagiza mikate mia na sitini ya majaribio, na gari lao lingekuja saa kumi jioni. Wakiipenda, wangechukua kila siku. Shangazi alikuwa amelala na habari hiyo wiki nzima. Pengine ndiyo maana hakusubiri. Alitoka na karatasi yangu mkononi, akasimama chini ya ubao, akamuuliza Chachu mbele ya kila mtu kwa nini mahesabu yake yanazidi mia.

Chachu alikuwa akipangusa meza. Hakuacha kupangusa. Akamjibu kwamba amuulize aliyemtuma.

"Nakuuliza wewe. Ubao ni wako."

"Unga ni mia, Mama."

"Na sabini na tatu?"

Aliacha kupangusa. Nilidhani sasa ataeleza. Angeweza kueleza kwa sentensi mbili, leo najua. Lakini alinitazama mimi, akaitazama ile karatasi yenye mistari miwili, na nikaona shingo yake inakakamaa kama ya jogoo.

"Miaka kumi na tisa nimemeza vumbi la unga huu," akasema. "Marehemu hakuniuliza swali hilo hata siku moja. Leo nijieleze kwa mtoto aliyefukuzwa shule?"

Nilitaka kumsahihisha kuhusu neno hilo. Nikaona si wakati wake.

"Mwizi akiulizwa," shangazi akasema, "huanza kuhesabu miaka."

Neno lilikuwa limeshatoka, na hapakuwa na wa kulirudisha. Mabinti wa kupakia waliinamisha vichwa. Yule mwendesha mashine, ambaye tulimwita Bubu kwa kuwa maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja, aligeukia ukuta. Chachu alifungua kamba za aproni yake, akaikunja mara mbili, mara nne, akaiweka juu ya mizani kana kwamba anaikabidhi. Mizani ikaandika 0.350. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wateja, na hakuubamiza.

Nilitarajia kufurahi. Kwa kweli nilifurahi kidogo, kwa dakika kama nne.

Shangazi akanigeukia. Alisema kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua hesabu iliyo sahihi, niiandike, na donge la hospitali likandwe kwa hesabu hiyo. Basi nilipanda kwenye debe, nikafuta ubao wa miaka kumi na tisa kwa kiwiko cha sweta langu la shule, na nikagawanya kila namba kwa 1.73. Unga 57.8. Maji 34.7. Sukari 3.5. Mafuta 2.3. Chumvi 1. Hamira 0.7. Jumla, mia kamili bila senti juu. Ulikuwa ubao mzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Shangazi aliusoma kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi mezani.

Nilipogeuka, Bubu alikuwa ameshaumwaga mfuko wa unga mashineni. Mfuko mzima, kilo hamsini. Pale unga haupimwi kamwe. Kinachopimwa ni vingine vyote. Ile 57.8 niliiona, sitasema sikuiona, lakini niliichukulia kuwa namba ya kukamilishia mia tu. Niliihamisha ile aproni kwa vidole viwili, nikaitundika kwenye msumari, nikaanza kupima. Maji, asilimia 34.7 ya hamsini: kilo 17.35. Nilipima mpaka tone la mwisho. Sukari 1.75. Mafuta 1.15. Chumvi nusu kilo. Hamira 0.35. Bubu alinitazama nikimimina maji, akaitazama ndoo tupu, akanitazama tena. Akabonyeza swichi.

Mashine ilizunguka mara kumi hivi kwa kawaida yake. Kisha ikaanza kukoroma. Kisha ikaanza kugonga, kama kuna mtu ndani anayetaka kutoka. Harufu ya mkanda ulioungua ikajaa chumba. Bubu akaizima, akaingiza mkono ndani, akatoa konzi ya kitu fulani, akaifungua mbele ya uso wangu. Kilimwagika sakafuni kama kokoto.

"Maji," akasema Bubu.

Nikamwambia maji yametimia, asilimia zote zimetimia, ni mia kamili. Hakubishana. Alivua kofia, akajikuna, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamsikia akipanga maneno zaidi ya mawili.

"Mfuko mmoja hutoa mikate mia na sabini na mbili. Siku nyingine na moja. Kila mfuko."

Nikamuuliza kila kipande kina uzito gani. Akaonyesha mizani. Nusu kilo, nusu kilo, hakuna zaidi wala pungufu, Fundi alikuwa akipima vyote kwa macho na kisha akivipima tena kwa mizani ili kuyasuta macho.

Nilikaa juu ya debe. Mikate mia na sabini na mbili ya nusu kilo ni kilo themanini na sita. Mfuko una hamsini. Na asilimia mia na sabini na tatu ya hamsini, ambayo ni 1.73 mara hamsini, ni themanini na sita na nusu. Ile nusu iliyobaki ilikuwa imeganda kwenye kuta za mashine, nilikuwa nikiikwarua mwenyewe kila jioni.

Zile sabini na tatu hazikwenda popote. Ziliingia kwenye mikate. Ziliuzwa mlangoni kila siku, mbele ya macho ya shangazi.

Sijui kama nyuso za watu huwaka kwa aibu hata wakiwa na nyusi moja. Swali lililonishinda lilikuwa dogo kuliko lile la darasa la sita: asilimia ya nini? Nililicheka bweni zima kwa kutouliza hilo. Chachu alikuwa akipima kila kitu kwa kukilinganisha na unga. Unga ndio mia yake, maji ni sitini kwa kila mia ya unga, basi, na hakuna sheria inayozuia jumla kupita mia, maana maji si kipande cha unga. Mimi nilipima kwa kulinganisha na donge zima. Mia kwa sitini na 57.8 kwa 34.7 ni mkate uleule, kama vile nusu na asilimia hamsini ni kitu kilekile. Namba zangu hazikuwa na kosa. Kosa ni kwamba nilichukua asilimia za donge nikazipima kwa unga, nikaona mwenye ubao ndiye mjinga, na nikamtia mzee wa watu mchanga kwenye kitumbua chake.

Tulijaribu kuokoa. Niliongeza maji kilo 12.65, sukari, mafuta, chumvi na hamira, kila kimoja mpaka kifike pale Chachu alipokiandika. Likawa donge, kwa maana ya kisheria. Lilikuwa na mabonge kama gololi, na Bubu alipolivuta lilikatika badala ya kunyooka. Akaiacha mashine iendelee kuzunguka, labda kwa huruma.

Ilikuwa saa sita na nusu nilipokwenda kwa shangazi. Nilimweleza yote bila kupiga mstari chini ya kitu chochote. Alisikiliza. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia amuulize Bubu idadi ya mikate kwa mfuko. Akanitukana kwa sauti ya chini, tusi refu la kiukoo lililompitia baba yangu na babu yangu kabla ya kunifikia mimi. Akamalizia kwa kuniambia niende nikamwambie Fundi arudi kazini. Sikusikia neno lingine lolote ndani ya ujumbe huo, ingawa nilisubiri.

Chachu alipanga chumba mitaa miwili nyuma ya kiwanda, mlango wa bluu. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, ameshanawa kichwa. Kumbe nyusi zake zilikuwa nyeusi. Bila unga alionekana mdogo kwa miaka kumi na mkali mara mbili zaidi. Hakunikaribisha. Nilisimama pale mlangoni nikasema shikamoo, akaipokea kwa kidevu, nikasema nimekosea.

Akauliza nimekosea nini. Si kwa upole. Kama mtu anayesahihisha mtihani. Nikamwambia: yeye huhesabu kwa unga, mimi nilihesabu kwa donge. Nikamwambia 173 ni nini, na zile sabini na tatu ziko wapi. Nikamwambia na kuhusu kokoto.

"Hesabu umeielewa," akasema. "Sasa nenda."

Nikamwambia shangazi anamwita kazini.

"Wewe ulikosea hesabu. Kuna aliyeniita mwizi, na huyo si wewe."

Alivaa viatu taratibu, kimoja kisha kingine. Akasema anakuja kuchukua aproni yake. Tukaondoka. Mimi hatua tatu nyuma, kama mtuhumiwa.

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya chumba, ametazama saa ya ukutani: saa saba na robo. Alipomwona alianza kuongea haraka, kwamba gari la hospitali lingekuja saa kumi, kwamba akianza sasa hivi bado muda upo, kwamba mfuko mpya umeshatolewa stoo. Chachu alikwenda kwenye msumari akaichukua aproni. Hakuivaa. Aliikunja mkononi.

"Mama, lile neno."

Shangazi akasema mtoto alimdanganya. Nikadaka hapohapo, nikasema ni kweli, yote ni yangu, mimi ndiye niliyeleta karatasi, mimi ndiye. Chachu aliinua kiganja bila kunitazama, nikanyamaza. Alikuwa akimtazama shangazi. Mabinti wa kupakia waliacha kukunja mifuko. Kama angetoka mlango ule mara ya pili asingerudi, kila mtu pale alilijua hilo, na mwaka ujao angekuwa mkuu wa kazi kwa watu wengine au asiwe kitu chochote kwa mtu yeyote. Jina la wizi halina kiwanda linakosahauliwa.

"Hukuiba," shangazi akasema kwa sauti ndogo, macho yake yakiwa kwenye vigae.

"Sikusikia. Mashine inanguruma."

Bubu, ambaye hakuwahi kuizima mashine bila kuamriwa ila ile asubuhi, alinyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu. Donge langu likaacha kuzunguka. Kimya kikawa kikubwa, mpaka nikasikia gesi ikipuliza ndani ya tanuri. Shangazi alimtazama Bubu kwa namna ya kumwonya kuhusu maisha yake ya baadaye. Kisha akainua uso.

"Fundi hajaiba kitu humu ndani," akasema, sasa kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Si leo, si zamani. Mimi ndiye niliyesema neno baya."

Chachu hakusema asante, wala hakusema yamekwisha. Alijifunga aproni, kamba mara mbili mbele. Alinawa mikono mpaka viwiko. Akainama juu ya mashine, akachomeka kidole kwenye donge langu, akakitoa, akakitazama muda mrefu kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu. Alimwambia Bubu atoe uchafu huo, aoshe mashine, amwage mfuko mpya. Aliagiza maji kilo thelathini, ya baridi kidogo, akaanza kupima chumvi.

Nilikuwa nimesimama karibu na ubao nikiwa na kipande cha chaki, nikidhani labda nitaambiwa niandike upya zile namba zake.

"Profesa," akasema bila kugeuka.

Nikaitika.

"Funga mlango. Kwa nje."

Nikaufunga.